Matanga ya Seneta

Harufu ya kitabu kikuukuu kilicholala penye unyevu hunirudisha Nechells, mtaa wa Birmingham nilikokulia, niwe popote pale. Juzi niliokota kimoja katika duka la mitumba kule Kings Heath, nikakinusa kabla hata ya kusoma jina lake, na muuzaji akanitazama kwa shaka. Ningemweleza nini? Kwamba nimelelewa na baba yangu pamoja na seneta mmoja wa Marekani?

Baba alinunua kitabu cha maisha ya huyo seneta katika duka kama lile, mwaka tuliofika Birmingham kutoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ili ajifunzie Kiingereza. Kilikuwa kinene kama tofali, na jaladani palikuwa na mzee wa Kizungu mwenye tai nyekundu. Baba alikisoma kwa msaada wa kamusi kila arudipo kutoka ghala alikopakia masanduku, na jioni mezani alitusimulia mimi na mdogo wangu Elie pale alipofikia. Watoto wenzetu walisimuliwa habari za sungura. Sisi tulijua kwamba Seneta alizaliwa mtoto wa fundi viatu katika jimbo la baridi kali, kwamba aliingia Seneti nywele zikiwa nyeusi akabaki humo mpaka zikawa nyeupe, kwamba alipigania watoto maskini wapewe chakula shuleni, na kwamba siku moja alisimama kuhutubia mpaka miguu ikavimba. Aligombea urais akaanguka, akarudi kwenye kiti chake bila kununa. Baba alimzungumzia kama jirani. Elie alipokataa kumaliza maharage, aliambiwa kwamba Seneta hangefurahi.

Mahali alipopapenda Baba zaidi ni pale mke wa Seneta alipofariki.

"Alimuzika asubuhi," alikuwa akisema, "muchana akarudia kazi, akapiga kura. Mwanaume ni ule."

Naye ndivyo alivyofanya. Mama alikuwa amebaki kambini kumuuguza bibi, akisubiri ruhusa ya kutufuata. Simu ilipokuja kwamba homa imemchukua Mama, Baba alisikiliza, akashukuru, akatupashia wali moto, kisha akavaa viatu vya kazi akaondoka. Hatukuweka matanga. Majirani walipouliza waje lini, aliwajibu kwamba yuko kazini. Jina la Mama halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilingoja kilio kama mtu angojavyo chafya, hakikuja. Nilikufa ganzi mwili mzima. Nilienda shule, nikacheka walipocheka wenzangu, na nilihofia jambo moja tu, kwamba nitaisahau sauti yake kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisaidia kuikumbuka.

Mwaka uliofuata, jioni moja, taarifa ya habari ilimwonyesha yule mzee. Alikuwa amefariki akiwa bado seneta. Habari yake ilipita haraka, ikaja ya mpira. Baba alizima televisheni, akaanza kusukuma makochi ukutani. Alitandika mkeka, akachukua simu.

"Kuko kilio kwangu," alimwambia mmoja baada ya mwingine. "Mukuje."

Wakaja. Mama Furaha, jirani yetu aliyetoka Uvira, Kongo, kama sisi na aliyewahi kuishi na Mama kambini, alileta sufuria ya maandazi. Anti Njeri, nesi wa Kenya tuliyesali naye, alifika na sare ya kazi. Wengine walijazana nyuma yao.

"Ni nani alikufa, Papa Neema?" Mama Furaha aliuliza.

"Seneta."

"Seneta wa wapi?"

"Wa Amerika."

Anti Njeri aliinama kwangu akanong'ona, "Neema, huyo ni relative wenu ama?" Mama Furaha akamkanyaga mguu. Kisha akavua viatu, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi mkekani.

"Basi, tutalia," alisema, akaanzisha wimbo wa msiba.

Kwetu, kwenye msiba, lazima mtu asimame asimulie maisha ya marehemu. Baba akasimama, amevaa suti yake ya kanisani. Alisimulia vizuri: fundi viatu, baridi, chakula cha shule, miguu kuvimba. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima kama waliowahi kumpigia kura. Mimi nilikuwa nagawa chai. Ndipo akafika kwa mke wa Seneta.

"Bibi yake akakufa," alisema. "Alikuwa mwanamuke wa kuimba. Asubuhi akiwasha moto, anaimba mpaka majirani wanaamuka. Alikuwa na kovu hapa kwa mukono, mafuta ilimuunguza. Na siku ya kumuzika, bwana yake alikuwa mbali."

"That's not the Senator's wife," Elie akasema kwa sauti ya kusahihisha hesabu. "That's Mum."

Hakuna aliyemnyamazisha. Baba alimgeukia.

"Ndiyo," alisema. "Ni Riziki."

Alipotaja jina hilo la Mama alikaa chini, akalia kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo. Chumba kizima kililia naye. Mimi nilisimama na birika mkononi bila kuhisi lolote, lakini masikio yalikuwa wazi. Mama Furaha alisimulia jinsi Mama alivyomkaripia mgawa unga kambini, akaigiza sauti yake, ile ya kupanda juu kila mwisho wa sentensi, na nikaitambua. Ilikuwa yenyewe. Seneta, maskini, hakuna aliyemkumbuka tena.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki ili watu wacheke: Baba aliyewakusanya majirani kumlilia Mmarekani, nao wakadanganyika wakaja. Niliamini hivyo kweli, kwamba mambo yaligeuka kwa bahati tu, kwa ajili ya mdomo wa Elie. Mwaka jana nilimwuliza Mama Furaha, ambaye sasa ni mzee, kama hakukasirika kuitwa kwenye msiba wa mtu asiyemjua. Hakucheka.

"Nani alikuja juu ya Seneta?" alisema. "Siye tulikuwa tunangoja tu baba yenu atuite. Angesema hata paka imekufa, tungekuja."