Ndita za Nalweyiso

Nakayiza alijua kunusa hasira. Alilelewa kwa shangazi, akapelekwa kwa mjomba, kisha kwa ndugu wa mbali, na kote huko alijifunza jambo moja: mwenye nyumba akikunja uso, funga virago kabla hujafukuzwa.

Sasa yuko Masaka, kwa mumewe Ssemwezi, pamoja na mama mkwe, Nalweyiso. Kila asubuhi hupiga magoti kumwamkia, macho chini kama desturi. Na maamkizi ya Waganda, wee, hayaishi! Katikati huiba jicho mara moja, anaona ndita, anainamisha kichwa. Kutwa nzima anabaki nazo moyoni.

Siku moja ndita zilikuwa nzito. Jana yake matoke aliyopika yalikuwa magumu, na mama mkwe aliyaacha. Leo ndiyo leo, Nakayiza akajiambia. Akafunga nguo zake na za mwanawe Lutaaya, akaenda kuaga.

"Nipe mjukuu wangu kwanza," bibi akasema.

Mtoto akamkodolea macho, akashika paji lile la uso kwa mikono miwili, akaangua kicheko. Jamani! Nakayiza akashtuka mpaka akasahau adabu, akainua kichwa na kumtazama mama mkwe moja kwa moja. Ndita zilikuwa palepale, hata bibi alipocheka. Chini yake macho yalikuwa yamejaa upendo.

"Wanikodolea nini? Nina masizi?"

"Maama, hujanikasirikia?"

"Kwa lipi? Huu uso ndio nilionao, mwanangu. Hata marehemu alichelewa kunichumbia, alidhani nitamng'ata!"

"Na matoke?"

"Jino liliniuma. Na hicho kitita?"

"Nguo za kufua, maama."

Bibi akakitazama kitita. "Hizo ni safi. Zirudishe ndani."

Nakayiza akasimama. Uso uleule! Yeye ameuogopa tangu aolewe, na mtoto asiyejua hata kutembea ameuona ulivyo. Nani kamfundisha? Ndipo akakumbuka: kila Lutaaya alipolia, yeye alimbeba. Hata usiku, hata akiwa hoi. Mtoto hajawahi kulia akakosa mtu, ndiyo maana haogopi uso wa mtu. Kumbe yeye, aliyenyimwa utulivu huo, ndiye aliyempa! Akakirudisha kitita ndani.

Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kama kawaida. "Umeamkaje, maama?" akauliza, akimtazama usoni mpaka maamkizi yakaisha.