Mjomba Achagua Oili

Kambini kila mtu alimwita Mjomba, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa mpwa wake. Alikuwa fundi wa mitambo, mgane, mtu wa maneno machache. Miaka mingi alifanya kazi huko tambarare, kwenye joto la kukaanga yai juu ya boneti, mpaka kampuni ikampandisha mlimani kulikokuwa kunachongwa barabara. Huko asubuhi maji ya pipani yaliganda, ukitaka kunawa uyapasue kwa nyundo kwanza. Chumba chake kilikuwa na viti viwili: kimoja cha kukalia, kingine cha kuwekea koti.

Kilichomuumiza zaidi ya baridi ni kumkosa Mbishi. Huyo alikuwa fundi mwenzake tangu ujana, mtu ambaye ukimwambia maji yanalowesha anakuuliza umepima. Walizozana kila siku ya Mungu, na kila uamuzi wao mzuri ulizaliwa kwenye mzozo. Mbishi alizikwa muda mfupi kabla Mjomba hajahamishwa.

Sasa kijiko, ule mtambo mkubwa wa kuchimbia, kikaanza kulia kila alfajiri. Dereva wake alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kujaza bonde.

"Mjomba, mnyama wako analia tena! Mkono unanyanyuka kama una baridi yabisi."

Mjomba akatega sikio kwenye pampu. "Halii, mwanangu, anakosa pumzi. Oili imeganda kama asali. Pampu inanyonya, haipati."

Ilikuwa ile oili nzito aliyoizoea kule kwenye joto. Stoo kulikuwa na nyepesi, akaiweka. Asubuhi mtambo ukaamka bila manung'uniko, naye akajiona bingwa. Lakini mchana jua lilipochoma na kazi ikakolea, oili ikalegea. Mkono ulikuwa umebeba jiwe hewani, ukaanza kushuka wenyewe.

"Sijaugusa!" dereva alipiga kelele. "Ondokeni chini!"

Jiwe likatua pale mpimaji wa barabara alipokuwa amesimama punde tu. Hakuumia mtu. Lakini Mjomba alikuwa ameruka majivu, akakanyaga moto.

Alimpigia mtunza stoo wa makao makuu. "Oili ni oili, Mjomba," yule bwana alimjibu kwa upole. "Wewe ndiye fundi. Chagua tu."

Chagua tu! Kama Mbishi angekuwepo, angeshamtukana na kumuuliza maswali kumi. Jioni hiyo Mjomba alijaribu kuzozana peke yake, lakini kila hoja aliyoitoa aliikubali papo hapo. Mwishowe akaomba aletewe oili kidogo ya aina ya tatu, ile inayosemekana haigandi kwenye baridi wala haiwi maji kwenye joto. Ilipofika, akatia kila oili kwenye chupa yake na kuziacha nje zilale na umande.

Kulipopambazuka dereva alimkuta amechuchumaa, anazipindua chupa moja moja.

"Mjomba, umeanza uganga?"

"Shika hii. Nzito imelala fofofo. Nyepesi inakimbia. Hii ya tatu je?"

"Inashuka kwa adabu."

Wakazitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto, wakapindua tena. Nyepesi ilishuka kama maji, ya tatu bado ilishikilia ukuta wa chupa.

"Basi ni hii," alisema Mjomba.

"Mimi sikubali," dereva alisema. "Chupa haibebi mawe. Na ile ya zamani iliyobaki kwenye mabomba utaipeleka wapi? Ukichanganya si umeharibu?"

Mjomba alimtazama kama aliyeona ndugu yake kwenye umati. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na kwa mara ya kwanza mlimani akacheka. Kisha wakaimwaga nje oili yote ya zamani iliyokuwa tangini, kwenye silinda na mabomba, wakabadilisha chujio, wakatia ile ya tatu. Alfajiri mtambo ukaachwa ungurume taratibu kwanza, upate joto. Mchana mkono ukabeba jiwe, ukatulia tuli.

Ulitulia vizuri mno. Wakubwa waliposikia, wakaagiza kijiko na dereva wake wavuke upande wa pili wa mlima, kulikokuwa na kazi nzito zaidi.

"Nani atakubishia sasa?" dereva aliuliza akipanda lori.

"Nenda salama, mwanangu," ndilo jibu pekee alilopata.

Jumapili binti yake Mjomba, aliyeolewa mbali, alipiga simu. "Baba, unakula vizuri?"

"Nakula. Sikia, kuna oili moja..." Akaanza kumweleza habari ya chupa, ya jiwe, ya yule mama aliyekataa kukubali. Alieleza kwa raha, mkono ukipindua chupa isiyokuwepo. Alipofika mahali pa kuchekesha akanyamaza kumsubiri acheke, ndipo akagundua mtandao ulikuwa umekatika, hajui tangu saa ngapi. Akakaa kidogo na simu sikioni, kisha akamalizia hadithi, kwa sauti ya chini.