Majiko Mawili ya Marashi

Magunia ya mawaridi yalipofunguliwa uani kwetu Sidab, Maskati, harufu ya kwanza haikuwa tamu. Ilikuwa harufu ya majani yaliyoroa, ya kamba za katani, ya petroli ya gari lililoyashusha kutoka mlima wa Jabal Akhdhar. Utamu ulikuja baadaye, wanawake walipoyamwaga juu ya mikeka na kuyatawanya kwa viganja, na hapo hata samaki wa kukaanga wa jirani hakusikika tena. Nilikuwa na miaka minane hivi. Tangu siku zile nimeishi Salala, Unguja, Dubai, kisha Unguja tena. Sikai pahala nikatulia, na kila mji ninaoingia huuliza kwanza duka la marashi liko wapi. Hununua, nikafungua chupa, nikanusa, nikaifunga.

Kiwanda chetu kilikuwa kikongwe kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai nyumbani. Alikianzisha baba yake babu, na ingawa kilikuwa ua tu wenye majiko, watu wa Maskati walikijua. Upande mmoja lilikuwapo jiko la kale la udongo, jeusi kwa masizi, la Bibi Shamsa, mke wa kwanza wa babu, mwanamke wa mlimani. Yeye alikeneka kama walivyokeneka kwao: mawaridi chunguni, kibakuli cha shaba katikati yake, na juu bakuli la maji baridi la kuziba mdomo. Mvuke ulipanda, ukapoa, ukadondoka kibakulini, na moshi wa kuni nao ukapenya, kwa hiyo marashi yake yalitoka na rangi ya chai hafifu na harufu ya moto uliokaribia kuzimika. Upande wa pili, chini ya ngazi, lilikuwapo jiko la Bibi Zuwena, mama yake mama yangu, ambaye babu alimwoa Unguja na kurudi naye Oman baada ya miaka mingi. Yeye alikuwa na mtungi wa shaba wenye mrija uliopita ndani ya pipa la maji. Marashi yake yalitoka meupe kama maji ya kunywa. Aliyatia kwenye mrashi wa fedha, akaturashia vichwani kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, na mimi nilitembea njia nzima bila kutikisa kichwa ili yasikauke upesi.

Wake wenza hawa hawakupigana hata siku moja. Walijibizana. Nyumbani walisema Bibi Shamsa alijifunza Kiswahili kwa ajili hiyo tu, na kwa kweli upande huo wa lugha aliujua vizuri.

"Marashi yako, Zuwena, kama mgonjwa," alisema akipita na kuni. "Hayana hata rangi."

"Na yako kama wali ulioungua, bibie. Nnashangaa watu wanayatia kwenye nguo."

Sisi watoto tulicheka, lakini mimi kicheko changu kilikuwa na mwiba. Wateja wa zamani waliingia uani na kwenda moja kwa moja kwenye jiko la udongo, bila kugeuza shingo. Khalfan, mjukuu wa Bibi Shamsa, rika langu, aliliita "jiko letu," na mtungi wa bibi yangu aliuita "lile dude." Niliona wivu hadi kwenye kuni zao, zilizopangwa vizuri kuliko zetu. Usiku kabla ya kulala niliomba Mungu mvua inyeshe upande wao tu wa ua.

Mvua ilinyesha, lakini ya mawe, tena huko mlimani, ikayapukutisha mawaridi kabla ya kuchumwa. Msimu ule magunia yalikuja machache. Babu alikaa kizingitini, akayatazama, akasema, "Haya hayatoshi majiko mawili. Mwaka huu litawaka moja." Mteja wetu mkubwa alikuwa mpika halua, mtu mnene mwenye mikono iliyojaa alama za moto. Wakakubaliana kila mke akeneke gunia moja, yeye apike masinia mawili ya halua, kila moja kwa marashi ya mmoja wao, na jiko litakaloshinda ndilo lichukue mawaridi yote yaliyobaki. Bibi Zuwena aliyachambua maua yake moja moja, akang'oa kila kikonyo cha kijani. Mkono wake haukutoka kwenye pipa; maji yalipoanza tu kupata uvuguvugu aliyabadilisha. Sikuwahi kumwona akiogopa kabla ya siku ile. Bibi Shamsa alikaa mbele ya moto wake, akipunguza kuni na kuziongeza.

Mpika halua alikuja baada ya sala ya alasiri. Tukala sote. Alizungumza na babu kwa Kiarabu, na babu akatafsiri, ijapokuwa hapana mtu pale ambaye hakuelewa. "Anasema halua ya Zuwena kama bibi harusi apitaye njiani. Ukigeuka, keshapita. Hii ya Shamsa inabaki kinywani." Nilionja zote mbili. Mpaka leo sijui kama alisema kweli, maana nilikuwa nikilia, na kila kitu kilikuwa na ladha ya chumvi.

"Haya, mpeni," alisema Bibi Zuwena. Akauchomoa mrija, akauosha, akaufunga kwenye kanga kuukuu. Mwaka uliofuata mawaridi yalijaa hadi ngazini, babu akamwomba awashe tena. "Mie si mtu wa kuitwa mwaka wa neema," alimjibu. Hakuwasha mpaka alipofariki.

Juzi nilirudi Maskati. Kiwanda sasa kiko Mawaleh, chini ya Khalfan, na duka la vioo mbele yake. Ukutani wameandika historia: baba yake babu, babu, Khalfan, na picha ya jiko la udongo. Nilisoma hadi mwisho, kisha nikarudia. Bibi yangu hayumo. Muuzaji, binti mmoja kutoka Uganda, alinisogelea na chupa.

"Karibu dada. Chukua hii, ndiyo inatoka sana."

"Nataka ile ya moshi."

"Ya moshi? Hiyo bosi aliacha kitambo. Watu walikuwa wanasema inanuka jikoni. Siku hizi wanataka kitu safi." Akacheka. "Mashine ziko nyuma, mvuke unapita kwenye bomba, bomba liko kwenye maji baridi. Nusa, dada, nusa tu."

Nilinusa. Chini ya ngazi, mrashi wa fedha, njia ya kwenda chuoni. Marashi niliyoyatafuta miji yote yalikuwa yakiuzwa pale pale, kwa jina la nyumba ile ile, na waliokuwa wakifaidika nayo ni wa upande wa pili wa ua. Wivu ulinipanda kifuani kama ule wa utotoni, mzito zaidi, kwa sababu sasa nilijua kuupa maneno. Nikanunua chupa, nikaenda nayo mtaa wa Hail, anakoishi Bibi Shamsa, anayekaribia tisini. Nilitaka aniambie mbele ya macho yangu kwamba hayana rangi.

Alinikalisha, akauliza habari za watoto wa watu ambao nimeshawasahau. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliishika chupa kwa mikono miwili na kuifungua taratibu. Akainusa, akainusa tena.

"Hii ya Zuwena," alisema.

"Ya Khalfan, Bibi. Nimeinunua dukani."

"Wallahi ya Zuwena. Pua yangu haijazeeka." Akaufunga mfuniko, akaukaza. "Miaka yote ile yeye alikuwa na mume Unguja, mimi hapa nilikuwa na jiko. Nikilala peke yangu, nikiamka nawasha moto wa baba mkwe. Mume alikuja naye. Sasa na jiko Zuwena amelichukua."

Nilinyoosha mkono nichukue chupa niondoke. Bibi Shamsa aliivuta, akaipakata, asinirudishie.