Kwikwi ya Baba

Baba yangu alikuwa akisalisha kwenye msikiti mdogo wa kijijini kwetu, upande wa Wingwi. Kwa hiyo adhuhuri moja aliporudi na kutuambia kuwa amemwachia mtu mwengine mbele, mama aliweka upawa chini akamtazama.

"Kwikwi hii," baba alisema. "Hainiachi nikamaliza Alhamdu."

Ilikuwa imemshika kwa siku kadhaa, akila, akizungumza, hata akiwa usingizini. Tulimpa maji, tukampa sukari alambe. Mama mdogo akamtania kwamba kuna mtu Unguja anamtaja. Baba alicheka, kicheko kikakatika katikati. Lakini chakula kilishaanza kumshinda, na miguu ilivimba hata viatu havimwingii. Mwenyewe akisema ni uzee.

Mama ndiye aliyeamua. "Mpeleke Chake hospitali," aliniambia. "Mimi namjua. Babako anaumwa."

Daktari alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpima baba kifua, akambonyeza tumbo chini ya kitovu, kisha akauliza: "Mzee wangu, mkojo unatoka vizuri?"

Baba aliinamisha kichwa, akanitupia jicho la pembeni. Daktari akanigeukia. "Dada, naomba utupishe kidogo."

Nilikaa nje kwenye benchi na hofu yangu. Nilipoitwa tena, baba amelazwa, amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko umejaa. Daktari alinieleza kuwa tezi dume lilikuwa limevimba na kuziba njia, mkojo ukarudi nyuma, figo zikashindwa kusafisha damu. Uchafu uliobaki kwenye damu ndio ulioleta kwikwi.

"Kwikwi ya kupaliwa na chakula huondoka yenyewe," alisema. "Ikikaa siku mbili tatu, mtu aje tumwangalie. Mmemuwahi."

Nilihamia kwa shangazi anayekaa Madungu, karibu na hospitali, nipate kumpelekea baba chakula. Asubuhi moja nilimnywesha uji, akanung'unika kuwa umekosa sukari, mimi napika kama mtu aliyefiwa. Maneno yote yale aliyasema kwa mkupuo mmoja, bila kukwama. Nilimgeuzia mgongo, nikajifanya natafuta kijiko, machozi yananitoka.

Figo zilirudi kufanya kazi taratibu, na baadaye tezi likafanyiwa upasuaji. Namshukuru Mungu kwa mama, aliyekataa kuambiwa ni uzee. Na daktari yule namwombea dua kwa utabibu wake, na zaidi kwa kujua kwamba baba hawezi kuyasema yale mbele ya binti yake.

Siku ya kurudi nyumbani, ndani ya gari ya jirani, nilimuuliza baba kwa nini hakumwambia hata mama.

"Mamako?" alisema, akitazama nje dirishani. "Si angenileta hospitali."

Jirani alicheka mpaka akapunguza mwendo, na baba naye akacheka.