Redio ya Baba na Chumba cha Pamba

Juzi mwanangu wa mwisho kaleta sabufa nyumbani. Akaiweka kwenye sebule yake mpya, vigae chini, vioo upande mzima, hata kochi bado hajanunua, akaifungulia. Jamani! Mdundo ulikuwa unakwenda ukutani unarudi, mwimbaji anaimba neno moja sisi tunasikia matatu. Kijana akanuna. "Mama, nimeuziwa feki hii. Yule jamaa wa mjini kesho namfuata." Nikamwambia kaa kwanza chini. Leta godoro uliegeshe ukutani, leta mablanketi, halafu ndiyo ukamtukane mtu. Akanicheka, lakini godoro alilileta.

Mimi shule niliishia darasa la nne, sitaki kuwadanganya. Mambo ya spika sikufundishwa na mwalimu yeyote. Nilifundishwa na pamba, na ada yake alilipa mjomba wangu.

Kwetu ni Zagayu, kijiji cha Usukumani. Miaka ninayoisema ni ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Kabla ya hapo hata sabuni ilikuwa ya kuambiwa njoo kesho, mama anafulia maji ya majivu, na nguo zinatakata, msidhani. Halafu ghafla mnadani ukakuta mitumba, baiskeli, masufuria yanayong'aa, na redio. Baba alikuwa mtu wa maneno machache na sifa nyingi. Alikuwa amejenga nyumba ya tofali za kuchoma, bati juu, saruji chini, ya kwanza upande wetu. Nyumba kama ile haikuweza kukaa bubu. Akanunua redio ya kaseti yenye spika mbili za mbao, kila moja kimo cha mtoto anayejifunza kutembea, mbele zimevikwa kitambaa cheusi. Mwenyewe akasema, "Tumbo likilala njaa linazoea. Sikio halizoei."

Aliyeileta kutoka Bariadi na kuifunga kwenye betri ya gari ni mjomba Maduhu, mdogo wake mama, fundi redio. Mjomba huyo tulimpenda kupita kiasi. Mimi aliniita mayu, yaani mama, ndivyo Wasukuma tunavyomwita hata binti mdogo kwa mapenzi, na mfukoni hakukosa karanga.

Sasa, redio ilipokuja, sebule ile ilikuwa imejaa pamba. Ghala letu lilikuwa linavuja, na baba alikuwa ameizuia pamba yake, maana zilikuwa zimeenea habari za wanunuzi binafsi watakaokuja na bei ya juu kuliko chama cha ushirika. Basi pamba safi ilirundikwa pande tatu za chumba mpaka usawa wa dirisha, na ile fifi, iliyochafuka, ikafungwa kwenye mashuka karibu na mlango. Katikati tukabakiziwa nafasi ya viti vinne na redio. Mimi na wadogo zangu tulilala juu ya lundo. Inawasha, na ina harufu ya mafuta ya mbegu inayokaa puani hadi asubuhi, lakini hakuna kitanda nilichowahi kulalia baadaye kikaifikia. Mama alitutisha kwamba mna nge. Nge sikumwona. Panya niliwaona.

Jumapili baada ya ibada watu walikuja kusikiliza. Nawaambia, ile sauti! Gitaa lilikuwa linakaa kulia, tarumbeta kushoto, na mtangazaji akisoma habari ulimsikia anavyomeza mate. Mdundo ulikuja mfupi, mnene, kama mchi unaoingia kwenye kinu chenye mahindi. Hakuna aliyeijua sababu. Baba alisema ni redio, na akajipigapiga kifua kidogo.

Kisha panya mmoja akatafuna waya wa spika. Mjomba akaja, akatazama, akasema hapa sina vifaa, akazifunga spika zote mbili kwenye baiskeli akaenda nazo mjini. Hazikukaa siku nne. Na katika siku hizo hizo lori la mnunuzi binafsi likafika, watu wakabeba pamba tangu asubuhi, mchana chumba kikabaki saruji na kuta. Nilisimama katikati nikamwita mdogo wangu. Nyumba ikaniitikia. Nilikimbia nje nikidhani kuna mtu.

Mjomba akarudisha spika, akafunga waya, akaondoka kuwahi jua. Baba akakaa kwenye kiti chake akafungulia. Kelele tupu! Maneno yanagongana, mdundo unavuma kama debe linaloburutwa, bati linajibu kutoka juu. Akapunguza, akaongeza, akazigeuza spika. Mwishowe akazima, akasema, "Maduhu kazitoa matumbo spika zangu."

Jumamosi yake mjomba alipokuja, baba alimpokea uani, hata kiti hakumpa.

"Shemeji, rudisha matumbo ya spika zangu."

"Matumbo gani tena, shemeji?"

"Uliyoyatoa. Umenitilia ya redio ya mchunga mbuzi."

Mjomba alidhani ni utani, akacheka, na kicheko kile kikamponza. Alipoona baba hacheki, alichukua bisibisi akafungua spika mbele ya majirani. "Tazama sumaku. Tazama vumbi la pamba yenu humu ndani, mimi mjini pamba nitaitoa wapi?"

"Vumbi lipo kila mahali," baba alisema. "Kwangu usikanyage tena. Na dada yako akitaka kukusalimia, akusalimie akiwa huko huko kwenu, asirudi."

Mjomba alimtazama mama. Mama alikuwa anatandaza michembe juani, viazi vile vya kukausha, na mikono yake haikusimama. Mjomba akapanda baiskeli akaenda.

Jioni ile nilimwambia mama kuhusu nyumba kuniitikia. Nilimwambia, mama, siyo spika, ni pamba, hata sauti yangu imebadilika mle. Aliniangalia, akaingia sebuleni, akapiga kofi moja. Akasikiliza. Akatoka. "Usimwambie baba yako," akasema, akaendelea na kazi.

Niliona mama yangu ni mwoga. Naisema kama ilivyokuwa. Mwaka mzima niliona hivyo. Mjomba alioa, mama hakwenda, alituma kitenge kwa jirani. Kila nikitaka kusema ananibana kidole. Redio nayo ikawa ya kufunikwa kitambaa, baba akiifungulia kidogo kwa taarifa tu, uso kama anakunywa mwarobaini.

Mavuno mengine yakaja, pamba ikarudi sebuleni, pande tatu, mpaka dirishani. Jumapili moja baba akafungulia taarifa ya habari. Nilikuwa juu ya lundo, nikauona mkono wake ukisimama hewani. Akaongeza sauti. Akatia na kaseti, gitaa likakaa kulia. Baba akainuka, akazunguka nyuma ya spika, akachungulia, akamwita mama.

"Maduhu alikuja hapa?"

"Kufanya nini?"

"Karudisha matumbo. Sikiliza! Niambie ukweli, alikuja lini?"

"Alipitia wapi, baba Limi? Chini ya mlango?" Limi ndiyo mimi.

Baba akaigeukia redio. Akauliza, safari hii polepole, "Sasa hii ni nini?"

Mama akajifunga khanga kiunoni. "Usizime. Kaa hapo hapo." Akatuita wote, vikapu, mashuka, tukaanza kuitoa pamba uani. Baba amekaa, redio inaimba. Ukuta wa kwanza ulipobaki mtupu, alikunja uso. Wa pili, tarumbeta likaanza kujirudia. Tulipofagia wa tatu, lile debe la mwaka jana lilikuwa limerudi lote, na mama amesimama mlangoni jasho likimtoka, pamba kwenye nywele. Wadogo zangu walikuwa wanacheka kwa sababu nyumba inawaitikia. Baba alizima redio mwenyewe. Akachukua baiskeli, akachagua beberu mkubwa, akamfunga nyuma, akashika njia ya Bariadi bila kula.

Mjomba alirudi kwetu. Karanga pia. Ila spika za baba hakuzigusa tena maisha yake yote. Ziliposumbua alisema, "Kuna mafundi wazuri kunishinda, shemeji," na baba akawa anatazama chini.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini alimwacha mdogo wake nje mwaka mzima, wakati jibu tulikuwa nalo tangu jioni ile. Akasema, "Siku ile baba yako hakuuliza kitu, alikuwa anajua. Mtu anayejua utamwonyesha nini? Nilingoja aulize."

Nililielewa jibu hilo nimeshachelewa. Kwangu pia ilitokea, mume wangu alimsingizia kaka yangu wizi wa ng'ombe, na ushahidi wa kumsafisha nilikuwa nao. Nikausema papo hapo, kwa sauti, mbele ya watu, na ulikuwa kweli tupu. Hawakusalimiana mpaka tukamzika mmoja wao.