Frigo ya Mama Kabedi, Vikwembe Vitatu

Iko siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilinuka petroli ya taa na sabuni ya kipande, nami nilikuwa nimesimama chumbani kwa mjane, mkono wangu juu ya frigo yake ya kupozea vinywaji, nikijiona mjanja kuliko watu wote wa Kalemie. Nakusimulia leo kwa sababu kesho asubuhi unakwenda kutazama ile mashine ya soda iliyovushwa kutoka Kigoma, ile ya kutumbukiza sarafu ikutemee chupa. Sarafu zenyewe hapa kwetu nani anazo, sijui. Umesema utawauzia watu vijetoni, vile vibati vya kutumbukiza badala ya sarafu. Sawa, biashara ni yako na akili ni yako. Mimi nitasema juu ya bei tu, maana juu ya bei nina haki ya kusema.

Wakati ule nchi bado inaitwa Zaire, na mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, naitwa Feza tu, hakuna aliyeniita Mama. Niliuza vinywaji karibu na stesheni. Nilikuwa na beseni la maji, gunia lililoloweshwa, chupa za limonadi na tangawizi niliyopika mwenyewe. Treni ya Kabalo ikifika, abiria wanashuka na vumbi mpaka kwenye kope, wanashika chupa yangu, wanaiweka shavuni, halafu wanairudisha. Wanavuka barabara, wanakwenda kwa jirani yangu mwenye frigo. Iliniuma sana. Nilitaka frigo jinsi wenzangu walivyotaka mume.

Umeme mtaani kwetu ulikuja ulipotaka, kwa hiyo frigo ya maana ilikuwa ya petroli ya taa: tangi dogo chini, utambi, moto mdogo, na huo moto ndio unaoleta baridi. Usiniulize namna gani moto unaleta baridi. Nimeelezwa mara nyingi, na bado naona ni maajabu.

Aliyenieleza ni Papa Mulongo, fundi wa frigo, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Alikuwa mzee mkavu, mpole, mpenzi wa tangawizi yangu. Kila alasiri nilimpelekea chupa, naye akanifundisha. Frigo iliyotumika, alisema, ianze kutazamwa mgongoni, kwa sababu mlangoni kila muuzaji amepaka rangi. Weka mkono nyuma. Ukikuta joto, jua wameiwasha jana ili uikute baridi na ufurahi. Omba wazime, urudi kesho, uwashe mwenyewe. Nusa mabomba. Harufu ikikupiga puani mpaka machozi, dawa ya ndani inavuja, aga uende zako. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Kikitoka bila kubishana, mpira umechoka. Na moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano utakula petroli yako na kukuachia masizi.

Halafu kulikuwa na jambo moja ambalo si wengi walilijua. Frigo ya namna ile ikisafirishwa imelala, dawa yake inakimbilia mahali si pake. Ukiisimamisha inawaka vizuri, lakini haileti baridi, na mwenyewe anadhani imekufa. Kumbe unaipindua kichwa chini siku nzima, unaisimamisha, unaiacha itulie siku nyingine, ndipo unawasha. Mara nyingi inafufuka. Mara nyingine inakataa.

Bei tulihesabu kwa vikwembe. Pesa ya wakati ule iliamka na thamani moja na kulala na nyingine, kwa hiyo mwenye akili aliweka mali yake kwenye kikwembe cha waksi, kitenge kizima cha kuvaa, kimekunjwa sandukuni. Frigo inayogandisha barafu, Papa Mulongo alisema, ni vikwembe vinne. Inayopoza tu, viwili. Iliyokufa ni sanduku la kuwekea unga panya wasifike, kikwembe kimoja na usiongeze. Mimi nilikuwa navyo vitano, alivyoniachia mama yangu alipofariki. Vinne vilikuwa vizuri sana, na kimoja kimepauka kwenye mkunjo, kwa sababu kilikaa karibu na dirisha miaka mingi.

Sasa, huyo mjane, Mama Kabedi. Mumewe alikuwa mtu wa ghala la samaki. Alipokufa, nyumba ya kazi ilirudi kwa wenyewe, na mama wa watu akahamia chumba kimoja na watoto wanne. Alitaka kurudi kwao Ankoro, treni mpaka Kabalo, halafu mtumbwi kupanda mto. Nilisikia anauza frigo, nikaenda mbio kabla mwingine hajafika.

Nilianza mgongoni kama nilivyofundishwa. Hakuna harufu. Mlango ukaishika karatasi vizuri. Nikawasha, moto ukawa wa bluu. Nikangoja mpaka jua likahama mlangoni, nikiongea na watoto, na ndani hamkuwa hata na ubaridi kidogo. Nikamwuliza iliacha kufanya kazi lini.

"Toka tuhame," akasema. "Kule nyumbani kwa mume wangu ilikuwa inatoa barafu. Vijana waliileta juu ya pusipusi, imelala, na toka siku ile njo hivi. Mimi nataka vikwembe vitatu, binti yangu. Kaka zangu wako watatu, kila mumoja na bibi yake. Muntu hawezi kuingia kwa mawifi na watoto wanne, mikono mitupu."

Umesikia, mwanangu? Imelala juu ya mkokoteni. Mama wa watu alinipa ugonjwa na dawa yake kwa pumzi moja, bila kujua. Na mimi, niliyelelewa vizuri, niliyeimba kanisani kila Jumapili, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Pole, Mama," nikasema. "Hii njo imekufa. Labda niichukue kama sanduku la unga. Kikwembe kimoja."

Akaitazama frigo, akawatazama watoto. Treni yake ilikuwa ya Ijumaa, hakuwa na siku za kubishana, na hakuna mwingine aliyekuja. Akakubali. Nikakimbia nyumbani kuleta kikwembe, wala sikuchukua katika vile vinne. Nilileta kile kilichopauka, nimekikunja ili upauko uingie ndani. Unaona mama yako alivyokuwa.

Yeye, kabla sijaondoka na frigo, alichukua kitambaa na sabuni akaifuta yote, mpaka chini ya miguu. Akanipa vibati vya kugandishia barafu, akanipa na utambi mpya uliobaki. "Unga unataka pakavu," akaniambia. "Asubuhi uache mlango wazi kidogo, usije ukaoza." Maneno hayo siku ile yalipita sikioni mwangu bila kukaa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nzima frigo ilisimama kichwa chini uani, majirani wakinicheka. Jumatano niliisimamisha, ikatulia, jioni nikawasha. Alhamisi asubuhi nilifungua mlango, nikakuta barafu. Ilikuwa ngumu, imeshika kibati mpaka nikaigonga kwa kijiko. Nilicheza peke yangu pale uani, na waliokuwa wananicheka wakaja kuonja. Nikaweka vipande bakulini, nikakimbia kwa Papa Mulongo, aone mwanafunzi wake amefaulu.

Alifurahi kweli. Alishika kipande, akakigeuzageuza, akaniuliza nimetoa vikwembe vingapi. Nikasema kimoja, tena kwa majivuno, nikamsimulia yote: pusipusi, mawifi, sanduku la unga, kila kitu. Nilidhani atacheka. Tabasamu lake lilipungua kidogo kidogo mpaka likaisha. Akarudisha barafu bakulini.

"Uliposikia imeletwa imelala, ulijua?"

"Nilijua, Papa."

"Na yeye?"

"Hakujua."

Akafuta mkono wake kwenye suruali. "Feza, mimi nilikupa macho ili muuzaji asikuibie. Nilifikiri namufundisha mutoto wa muntu. Kumbe nimefundisha mwizi, tena kwa bei ya tangawizi." Hakupaza sauti hata kidogo. Akaisukuma chupa niliyomletea mpaka upande wangu wa meza. "Hii sitakunywa. Treni inaondoka kesho. Siku utakuwa umelipa, urudi, tutakunywa pamoja."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikasirika pia, nisikudanganye. Njia nzima nilijitetea: sikumlazimisha, alikubali mwenyewe, na je, kama ingekataa? Nilijitetea mpaka nyumbani, nikafungua sanduku la mama yangu. Vile vinne vilikuwa mali yangu yote, mtaji wangu, na nguo za harusi yangu kama ingekuja. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Kilichonishinda ni yale maneno ya unga. Mtu niliyemwibia alikuwa na wasiwasi unga wangu usiharibike, nami nilimwona atakavyosimama mbele ya mawifi watatu na kitambaa kimoja kibovu mkononi. Nililia, halafu nikatoa vitatu.

Ijumaa nilimkuta stesheni, ameketi juu ya mizigo, watoto wamemzunguka. Nilikuwa na vikwembe kichwani, na barafu ndani ya sufuria iliyozungushiwa gunia. Nikapiga magoti mbele ya watu. "Mama, frigo yako haikufa. Ilitaka kupinduliwa tu, na mimi nilijua siku ileile. Bei yake ni vinne. Nimekuletea vitatu vilivyobaki, unisamehe."

Hakutazama vikwembe. Alitazama sufuria, akatia mkono, akashika kipande cha barafu mpaka maji yakamtiririka kwenye kiwiko. "Ya mume wangu," akasema. Machozi yakamtoka, huku anacheka. Mimi nilikuwa nangoja matusi, na nilikuwa nayastahili.

Kisha akafungua mzigo wake, akatoa kile kikwembe changu cha kwanza, akakikunjua. Mstari uliopauka ulikuwa wazi, kutoka pindo hadi pindo. "Hiki nilikiona jioni ileile," akasema. "Nilikuwa najiuliza nimupe wifi yupi, labda yule nisiyemupenda." Akakiweka mapajani mwangu, akachukua vile vitatu vizuri, basi.

Nikamwambia, Mama, vinne.

"Vinne ni vya frigo inayotoa barafu," akasema. "Yangu ilikuwa haitoi. Ungeipindua ikakataa, ungebaki na sanduku la unga na kicheko cha majirani. Hiyo kazi na hiyo hofu ni zako, njo maana nakuachia kimoja. Mimi niliomba vitatu toka mwanzo. Ungenieleza siku ile, tungefika hapahapa, na wewe ungelala vizuri."

Watoto walikula barafu yote kabla treni haijapiga honi. Mdogo kabisa alinipungia mkono dirishani, unadondoka maji. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa Papa Mulongo na chupa mbili za tangawizi, safari hii baridi. Hakuniuliza kitu. Aliniangalia usoni, akafungua chupa, akakohoa kwa ubaridi wake, tukanywa. Frigo ile ilinipa maisha. Ilinisomeshea wewe, na leo, imezimika kabisa, nawekea unga, na asubuhi naacha mlango wazi kidogo.

Basi, mwanangu, kesho anza mgongoni. Usikubali kukuta mashine imewashwa tayari. Iwashe mwenyewe, ukae nayo, hata wakikuona mkaidi. Nusa, sikiliza, tumbukiza sarafu mara ishirini, siyo mara moja. Ukikuta ubovu, useme ubovu uliopo, usiongeze mwingine wa kichwani mwako. Na ukijua inapona, mwambie mwenyewe kwamba inapona, halafu mhesabu pamoja kazi yako ya kuiponya na hatari ya kukataa kwake. Hapo bei inajitokeza yenyewe, na haitakuwa ndogo kama ulivyotamani. Uilipe. Na umwulize kwa nini anauza, ujue umekaa mbele ya nani.

Kile kikwembe kilichopauka ninacho bado. Ndicho nilichokubebea mgongoni ulipokuwa mtoto, na kesho nataka uende nacho begani. Ukisikia mdomo wako unataka kusema "imekufa" wakati macho yako yameona vingine, kishike.

Mungu akupe macho ya kuona mpaka nyuma ya mashine, na mdomo wa kusema ulichokiona. Chupa zako ziwe baridi siku zote. Na yule atakayekuuzia, mkikutana naye njiani miaka kumi ijayo, asivuke barabara kukukwepa, asimame, akuulize habari za mama yako.