Jina la Filipo kwenye kalenda

Wiki iliyopita, nikisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi, niliona ukutani kalenda ya Kiswidi, ile yenye majina ya watu chini ya kila tarehe. Nikasogea kuisoma, kama nilivyofanya siku moja utotoni.

Alasiri ile jiko letu la Vårby gård, mtaa tuliohamia huko Uswidi, lilinukia iliki. Jirani yetu, bibi Mswidi, alikuwa ameleta mkate mtamu, kwa kuwa kwenye kalenda yao ilikuwa siku ya jina la mdogo wangu, Filipo. Alituambia ni jina la Kigiriki, la mtume wa Yesu na wafalme kadhaa. Filipo akavimba kichwa.

Mimi nilipekua kalenda nzima iliyokuwa ukutani jikoni nikitafuta jina langu, Kaneza. Halikuwamo. Leo najua kalenda haimfukuzi mtu, lakini siku ile niliamini kwamba wasiokuwamo watarudishwa kwetu Burundi, na Filipo atabaki na mikate yote.

"Mama, kwa nini yeye ulimpa jina zuri?" nililia.

Mama alicheka huku akikoroga maharage. "La Filipo ni mtumba, mwanangu. Mitume wamelivaa, wafalme wamelivaa. Lako nililishona mwenyewe. Nilikuzaa siku tuliyofika salama kwenye kambi ya wakimbizi, nikasema, hili ni jambo jema. Kwa Kirundi, ndiyo maana ya Kaneza."

Filipo aliacha kutafuna.

"Mama, na mimi nishonee langu!"

Alisukuma sahani mbali. Niliivuta kwangu, nikaula mkate wake polepole, nikimtazama.